Moshi wa Nani

Walipiga makofi. Wageni wote, hata yule mzee Mwingereza aliyekuwa amelalamikia kiti chake tangu hotelini, walipiga makofi, kwa sababu kule ng'ambo ya mashamba nguzo ya moshi mweupe ilikuwa imepanda juu ya kijiji changu, na jua la kuzama lilikuwa limeipaka rangi ya waridi. Ulikuwa mzuri moshi ule, siwezi kusema vinginevyo. Kisha kishindo kikatufikia, kikatupita vifuani, kikaenda zake baharini, na makofi yakaongezeka.

"Huyo ni baba yako?" akaniuliza mama mmoja wa Ubelgiji, macho yakimng'aa, mikono ikiendelea kupiga. "Mena, huyo ndiye baba yako?"

Miaka mingi imepita na bado siwezi kukaa ukumbini watu wakipiga makofi. Harusi ya binti yangu nilitoka nje, nikasingizia joto.

Na swali lake lilikuwa halali. Mimi mwenyewe ndiye niliyewauzia baba yangu tangu tulipoondoka bandari ya Marsaxlokk. Nilikuwa msichana bado, mgeni katika kazi ya kutembeza watalii, na nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba watalii husahau tarehe za makanisa lakini hawasahau habari za mtu. Kila alasiri tuliwachukua wageni mahotelini, tukawashusha bandarini wapige picha mashua zenye macho yaliyochorwa, kisha tukafuata pwani ya kusini mji baada ya mji, aiskrimu hapa, kahawa pale, hadi kwenye majabali ya Dingli kulitazama jua. "Jua letu huzama kwa wakati," niliwaambia kwenye kipaza sauti, "ndicho kitu pekee kisiwani kinachojali saa." Walicheka. Wageni wapya kila siku, kicheko kilekile. Halafu niliwaambia kwamba baba yangu, Wenzu, ni fundi wa kupaka plasta mchana, na jioni ni fundi wa fataki, na kwamba wakiwa na bahati wataona kazi yake angani kabla hawajarudi kulala.

Dereva wangu alikuwa Salvu. Nilimwita mjomba ingawa hatukuchangia hata tone la damu; kwetu kila mwanamume wa rika la baba yako ni mjomba wako. Tulitoka kijiji kimoja, Hal Dwieli, na hapo ndipo undugu wetu ulipoishia, maana Hal Dwieli kina watakatifu wawili. Sisi tulikuwa wa Mtakatifu Katarina, bendera ya buluu. Wao wa Mtakatifu Roko, nyekundu. Kila upande ulikuwa na bendi yake, baa yake, sikukuu yake, na kubwa kuliko yote, chumba chake cha kutengenezea fataki. Kijana wa buluu akioa binti wa nyekundu, mama mmoja hulia kanisani, na si kwa furaha.

Vyumba vyenyewe vilikuwa nje ya kijiji, katikati ya mashamba, ukuta mmoja wa mawe na safu ya mipungate yenye miiba kati yao. Wanaume waliofanya kazi humo hawakulipwa chochote. Walifika wakitoka kibaruani, wakavaa nguo za pamba, wakaacha simu kwenye magari yao, kwa sababu simu haikuruhusiwa kuusogelea unga wa baruti. Simu ya baba ilikuwa ikilala chini ya kiti, ndani ya kofia. Jinsi walivyochanganya unga hawakumwambia mtu, hata wake zao. Na mguu wa mtu wa Roko ulikuwa haujawahi kukanyaga chumba chetu, wala wetu chao. Hilo halikuandikwa popote, na halikuhitaji kuandikwa.

Siku ile sikukuu zilikuwa zimekaribia na Salvu alikuwa amechangamka. Alinianza tangu tulipopita mji wa kwanza.

"Mena, mwaka huu mtarusha fataki au mtakohoa tena kama mwaka jana?"

"Mjomba, zenu zilizimika kabla padri hajamaliza ishara ya msalaba."

"Zilizimika! Zile zilimtoa nyanya yako dirishani, nikamwona kwa macho yangu. Kavaa nyekundu."

"Nyanya yangu kuvaa nyekundu? Angetoka uchi kwanza."

Alicheka hadi akapiga honi bila kukusudia, na mwendesha baiskeli mmoja akatutukana. Aliponyamaza aliniambia kwamba Indri, mwanawe wa pekee, yuko chumbani leo, anamalizia zile kubwa. "Mama yake hali chakula mpaka amwone mlangoni," alisema. "Namwambia, mke wangu, utakonda bure." Nikamwambia baba naye yuko huko. Akatikisa kichwa, akabadilisha gia.

Sasa, kule juu ya majabali, Salvu alikuwa amesimama kando ya basi, kipande cha mkate wa jibini mkononi, na hakuwa akipiga makofi. Mtu wa kisiwa chetu hahitaji kuelezwa. Fataki hulipuka juu. Moshi unaoanzia ardhini na kupanda si wa sikukuu, na hata mtoto wa chekechea kwetu analijua hilo. Tulichokuwa hatujui, tukiwa kule juu ya majabali, ni kimoja tu: ulikuwa ukitoka upande gani wa ukuta. Kwa umbali ule vyumba viwili vilikuwa nukta moja.

Nilimpigia baba. Simu ikaita vizuri kabisa. Salvu alimpigia Indri, na kwa jinsi alivyoibana simu sikioni nilijua kwamba yake nayo inaita. Tulisimama bega kwa bega, tukitazama moshi mmoja, tukisikiliza simu mbili zikiita ndani ya magari yasiyo na mtu. Mlio ule haukusema lolote. Gari likiwa zima haina maana kwamba mwenye gari ni mzima. Nikapiga tena.

Niliomba. Niliomba ajali iwe ya kwao. Nilimtaja Katarina kwa jina, nikamwambia waziwazi, iwe ya Roko. Na midomo ya mjomba Salvu ilikuwa ikienda, na ninajua alikuwa akimwomba nani na akiomba nini. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Tulikuwa tumegawana mkate ule dakika chache zilizopita.

Nyuma yetu mtu aliuliza kama kutakuwa na fataki nyingine.

Simu ya Salvu ndiyo iliyoita kwanza. Alikuwa mkewe, sauti yake niliisikia bila kusikia maneno. Salvu alisikiliza. Kisha akaketi kwenye ngazi ya basi, akafanya ishara ya msalaba, akaubusu mkono wake mwenyewe, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Ahsante, Roko," alisema, "ahsante, baba, ahsante." Uso wake ulikuwa uso wa kijana.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari. Sikuambiwa na mtu. Niliziona usoni mwa Salvu, katika furaha yake.

Ilimchukua muda kunikumbuka. Aliponitazama, furaha ile haikutoka mara moja. Ilibaki imening'inia hapo, haina pa kwenda, naye akajaribu kuifuta kwa kiganja. "Mena," alisema. "Indri amempigia mama yake akiwa kwenye gari. Amesema yeye mzima. Amesema ni... Pole, mwanangu."

"Endesha," nikamwambia.

Niliwaingiza wageni ndani. Wengine walikuwa bado wanatabasamu. Nilishika kipaza sauti kwa mazoea, nikasikia sauti yangu ikisema, kwa lugha safi ya kazi, kwamba tunawaomba radhi, kumetokea ajali na tunapitia kijijini. Mama wa Ubelgiji alinitazama, akaitazama mikono yake, akaificha chini ya mapaja. Kisha alikuja kuketi karibu yangu. Nilimshukuru kwa hilo kuliko alivyojua.

Salvu aliliendesha basi lile kwenye vijia vya mashamba ambavyo hata punda hupita kwa kujibana. Kuta za mawe zilikwaruza mbavu za basi. Na muda wote alikuwa akisema nami, haraka haraka, kwa sauti ya mtu aliyesamehewa deni na sasa anataka kumlipia kila mtu.

"Wenzu ana roho ya paka. Wangapi wameanguka kwenye jukwaa la ujenzi akiwa juu, yeye akabaki? Unanisikia? Tutamkuta."

Tukasikia kishindo cha pili. Vioo vya basi vilitetemeka na mtu nyuma akapiga yowe.

"Hiyo si kitu," alisema Salvu bila kupunguza mwendo. "Ya pili hufuata kila mara. Wakati huo watu wameshatoka, haimkuti mtu. Shika roho, mwanangu. Tukifika namwita Indri, atakushika mkono, atakupeleka mpaka mlangoni. Njia ile anaijua gizani."

Polisi mmoja alitusimamisha penye mlango wa shamba. Tulishuka tukakimbia. Kila kitu kilikuwa cheupe: mipungate, barabara, nyuso. Wanaume wa fulana nyekundu na wa fulana za buluu walikuwa wamechanganyika, wakipokezana mawe, na rangi zenyewe hazikuonekana vizuri kwa vumbi. Chumba chetu hakikuwepo. Palikuwa na mahali tu.

Na baba alikuwa ameketi chini, ameegemea gurudumu la gari lake.

Hakuwa na nyusi. Mtu alikuwa amemfunika mabegani koti jekundu la klabu ya Roko, koti ambalo mchana wa siku ile asingelifutia hata viatu. Alikuwa akizitazama kucha zake. Nilimwangukia shingoni, nikapiga kelele, nikacheka, nikambusu masikio yaliyokuwa yakitoa damu. "Baba! Baba, ni mimi!" Hakunisikia. Alinigusa uso kwa vidole kama anayekagua plasta, akanitambua, na akaanza kusema.

Masikio yake yalikuwa yamekufa, naye hakujua. Kwa hiyo hakusema kwa sauti ya kawaida. Alipaza sauti, uwanja mzima ukageuka.

"Ni Indri! Mena, ni Indri wa Salvu! Karuka ukuta!"

"Baba, polepole."

"Kaingia kwetu! Hakuna aliyemwita! Kanibeba mgongoni kama gunia, mimi, mtu mzima!"

Nilikuwa nikicheka na kulia na kumwitikia ndiyo, ndiyo.

"Nikamwambia mwenzangu Pawlu bado yumo ndani! Mimi ndiye niliyemwambia! Akarudi, Mena. Akarudi, halafu ikapiga tena."

Nikamziba mdomo. Akauondoa mkono wangu, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu, na macho yake yakanipita yakawatafuta watu, lakini yalikuwa yamejaa vumbi na hayakuona mbali.

"Salvu yuko wapi?" alipaza sauti. "Nani atamwambia Salvu?"

Salvu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amenifuata ili anidake nikianguka.

Baba aliishi baada ya hapo, akazeeka. Hakusikia tena sawasawa, na jioni zake zote akawa anakaa mlangoni na kiti chake kimetazama upande wa baa ya Roko. Indri alizikwa na bendi mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea Hal Dwieli, wala halijatokea tena. Mwaka uliofuata tulibishana kuhusu fataki kama kawaida. Watu walinong'ona kwamba tutabadilika, na kwa kweli hatukubadilika sana. Nimewahi kuulizwa kama Salvu alimlaumu baba. Sijui. Walipokutana alikuwa akimvulia kofia, na baba alikuwa akiinamisha kichwa, basi.

Lakini ninayemkumbuka ni Salvu wa dakika ile. Nilipogeuka alikuwa amesimama wima, mikono imeshuka pembeni, anatazama mahali pale palipokuwa na chumba. Watu walikuwa wameanza kumsogelea polepole kutoka kila upande, wa buluu na wa nyekundu. Yeye hakuwaona. Alinitazama mimi, na alizungumza kwa upole, kama tulivyokuwa tukizungumza kila siku mwisho wa safari.

"Wageni hawajafika hotelini," alisema. "Watakosa chakula cha jioni."

Akaanza kutafuta ufunguo wa basi. Alitafuta mfuko wa shati, akatafuta mifuko ya suruali, akaigeuza ndani nje. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Nilimfuata nikakishika kiganja kile, nikakifumbua kidole kimoja kimoja. Nyuma yangu baba alikuwa akiendelea kuniita kwa sauti yote, na mimi, Mungu anisamehe, kila alipoita, nilifurahi.