Mgeni wa Uwele

Mwanamke mmoja mwenye sanduku la chanjo aliteremka kwenye pikipiki katikati ya somo la hesabu, akaomba daftari la mahudhurio kabla hata ya kukaa. Alijitambulisha: Hajiya Rakiya, muuguzi wa wilaya.

Ebiere alimpa daftari kwa fahari. Alikuwa ametoka kusini ya mbali ya Nigeria kuja kufundisha mwaka wake mmoja wa utumishi wa taifa hapa Katsina, kaskazini. Watoto sitini, watano kwa dawati, na kwa kila asiyekuja aliandika sababu.

"Ana mgeni. Ana mgeni. Ana mgeni," Hajiya alisoma. "Kumi na mmoja kwa wiki mbili! Mwalimu, kuna harusi ya mfalme?"

"Watoto husema hivyo. Malam Shitu ndiye aliyenitafsiria."

Kicheko kilimkauka Hajiya. "Mgeni wa uwele, dada. Ndivyo huku tunavyoiita surua."

Malam Shitu, mwalimu mkuu, alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ya kwanza alimwita Ebiere binti yake.

"Ulijua?" Ebiere aliuliza.

"Binti yangu, mkaguzi alikuwa anakuja. Darasa tupu lingetuaibisha, ikabidi niwarudishe."

"Ukawaita warudi na upele wao, ukawabana na wenzao!"

Ebiere alimkumbuka Laraba, mama yake Dije wa dawati la mbele, mwenye kitoto cha miezi saba. "Ugonjwa ukiingia darasani, niambie wewe mwenyewe, siku hiyohiyo," Laraba alikuwa amemwomba. Naye Ebiere akaahidi. Sasa aliweka chaki mezani.

"Ukilipeleka neno hili mtaani, barua yako ya utumishi sitii sahihi," Malam Shitu alisema. "Utaurudia mwaka mzima."

Ebiere alimpita mlangoni.

Laraba alikuwa anatwanga uani kwake, mtoto mgongoni. "Mwalimu! Umenusa tuwo, ugali wangu?"

"Mama Dije, mgeni wa uwele yuko darasani kwangu. Hajiya, muuguzi, yuko shuleni na chanjo ya watoto kuanzia miezi sita. Mpeleke mtoto sasa hivi."

Mchi ulisimama. "Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Si uliniahidi siku hiyohiyo?"

"Nilidanganywa. Mimi nimejua leo."

Laraba alikaza kanga mgongoni na kumpita bila kumtazama. Ebiere alimfuata nyuma, hatua kumi, hadi shuleni, hadi alipoona sindano imemwingia mtoto.