Glavu za Baba Mdogo

Ninachowasimulia hamtakiamini, na hata mimi ningebisha kama nisingekuwa nacho kwenye simu, dakika nne nzima.

Baba mdogo wangu ana karakana nyuma ya nyumba. Anatoboa vyuma humo tangu sijazaliwa, na hajawahi kupoteza hata ukucha. Tatizo ni moja, kumtazama kunaleta usingizi. Anabana bamba la chuma kwenye jiliwa, anakaza, anakaza tena. Anavaa miwani. Anadondosha mafuta, matone mawili tu, kutoka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Anashusha biti ya drili, inakula kidogo, anainyanyua ipoe, anaongeza tone. Vinyuzi vya chuma vikijazana, anazima mashine, anangoja isimame kabisa, ndipo anavifagia kwa brashi.

"Baba mdogo, tunarekodi video hapa, hatuko msibani," nikamwambia.

"Biti ikipata moto inakuwa butu. Wewe haraka ya kwenda wapi?"

Video ni wazo langu. Nilishaweka moja mtandaoni, na hakuna aliyeuliza habari ya mafuta wala mwendo wa mashine. Wote waliandika jambo moja: mbona mzee hana glavu? Mmoja akasema tunafundisha watu ajali. Iliniuma sana hiyo. Nikaenda dukani, nikarudi na glavu za ngozi, za njano, pana kama masufuria.

Baba mdogo akazigeuza geuza. "Hizi za kubebea mawe. Kwenye kitu kinachozunguka mtu havai glavu."

"Usalama kwanza, baba mdogo. Watu wanakuangalia."

Mama mdogo alikuwa anaanika nguo pale nje, akadakia, "Si uvae tu, bwana. Kila siku unaingia ndani na mikono yako ya mafuta, moja kwa moja kwenye mapazia yangu."

Wawili kwa mmoja. Akavaa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tundu la kwanza, alizima mashine na kungoja kama kawaida yake. La pili, alizima ila hakungoja isimame. Brashi akaiweka pembeni, ya nini, si ana glavu? La tatu, vinyuzi vikajisokota kwenye biti, na huyu mzee, ambaye mikono mitupu asingethubutu hata ukimlipa, akapeleka mkono mashine ikiwa inazunguka. Kama anafukuza nzi.

Biti ikadaka ncha ya glavu. Nikaona mkono unavutwa, halafu nikaona glavu peke yake inazunguka inapiga bamba, pa pa pa pa, kama ina mtu ndani. Nikachomoa plagi kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa bado unarekodi, na sijisifii.

Kilichomwokoa ni upana wa ile glavu, mkono ulichomoka wenyewe. Nilimkuta ameketi sakafuni anahesabu vidole. Akamaliza, akaanza tena. Kidole cha mwisho kilichubuka, basi.

Mama mdogo akaja mbio na shuka mbichi mkononi. Akaiokota glavu, imechanika vipande. "Je, kingekuwa kidole chenyewe?"

Baba mdogo akaitazama weee. "Kweli," akasema. "Imeumia badala yangu."

Nilitaka kusema. Mdomo ulishafunguka. Lakini akanishika bega. "Mwanangu, umeniokoa. Mimi na ubishi wangu huu."

Tangu juzi anawahubiria mafundi wa mtaa mzima. Mchomeleaji wa pale kona kanunua jozi tatu. Na jana baba mdogo karudi na glavu zake mpya, zinazombana hasa, maana zile za kwanza, anasema, kasoro yake zilikuwa zinapwaya.

Ukiipunguza mwendo ile video, kila kitu kiko wazi: glavu ndiyo iliyompa kiburi, na glavu ndiyo iliyodakwa. Sauti ya aliyemlazimisha inasikika vizuri pia. Nilifikiria kuziiba hizo mpya, lakini atanunua nyingine, tena zinazombana zaidi. Nikimwonyesha video, nyumba nzima itajua nani alitaka kumtoa vidole. Nisipomwonyesha, kesho saa mbili asubuhi ana mabamba sita ya kutoboa.

Simu ninayo mkononi, yeye yuko sebuleni anakunywa chai. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?