Hatua Ishirini na Sita Hadi Kwenye Mashine

Ulitazama pembeni. Usinibishie. Uliingia wodi ya moyo kumwona shangazi yako, ukawakuta watu wamejipanga foleni, miguu imevimba kama magogo yaliyolowa, mmoja kashika ukuta, mwingine kakaa sakafuni anatweta, nawe ukajifanya unasoma tangazo la kunawa mikono. Lina mistari minne lile tangazo. Ulilisoma robo saa nzima. Basi leo hutazami pembeni. Sikiliza yaliyotokea mchana huu.

Mashine ya presha katika wodi hiyo ni moja. Imefungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye bomba la ukutani, mwisho kabisa wa chumba, kando ya kiti cha mbao. Ile ya kupuliza kwa mkono ilipasuka mpira mwaka juzi, ikatupwa kabatini. Miaka minne iliyopita mashine nyingine iliibwa, matroni akawekwa mbele ya kamati akahojiwa kama mwizi wa kuku, akatoka pale ameapa kwamba haitaibwa tena. Tangu siku hiyo mashine haimfuati mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayeifuata mashine. Na bila namba ya presha ya mashine hiyo kuandikwa kwenye karatasi, kabati la dawa halifunguliwi. Mtu wa moyo, ambaye kugeuka tu kitandani ni kama kulima, anateremshwa, anatembezwa, anakalishwa akihema, anavalishwa mkanda papo hapo. Namba inapaa. Dawa inaongezwa. Kesho yake presha inashuka kupita kiasi, anaanguka bafuni, na wanaandika kwamba aliteleza.

Kiti kile wagonjwa wanakiita "kiti cha enzi." "Leo nani anatawazwa?" huulizana asubuhi, maana mle ndani ukiacha kucheka umekwisha.

Muuguzi mmoja tu ndiye ambaye hakuizoea sheria hiyo. Walimbandika jina la Kidole, kwa sababu kabla ya kuamini mashine yoyote huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, akatulia, akahesabu. Ana miaka ishirini na miwili kazini na hasahau mtu. Mwalimu mstaafu, kitanda cha nne, mwaka wa mafuriko: alianguka hatua ya kumi na tisa. Mshona viatu, ile wiki umeme ulipokatika siku tatu: alifika kitini, hakuinuka. Mama wa mapacha, Jumatatu hii: alianguka mapacha wenyewe wamemshika huku na huku. Kidole aliandika barua tatu. Akajibiwa kwa moja, nayo ilikuwa ya onyo.

Leo saa saba mchana akaletwa seremala, kitanda cha tisa. Alikuja na mkewe na mdogo wake, mpakia magunia wa ghalani, jitu la mabega ambalo wenzake wanaliita Winchi. Seremala alikuwa amekaa wima, mikono kaishikiza magotini, midomo imeanza kuwa ya buluu. Hukuhitaji kifaa kumsikia kifuani: maji yalikuwa yakitokota mle kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Alipokohoa, kitambaa kilitoka na povu la rangi ya waridi. Kidole akambonyeza muundi. Shimo likabaki palepale, halikujaa.

"Fundi, usiongee. Tikisa kichwa tu. Ukilala unazama?"

Akatikisa.

"Siku ngapi unalala umekaa?"

Seremala akainua vidole vinne. Halafu, mbishi, akajaribu kutabasamu. "Kwenye kiti... nilichotengeneza... mwenyewe."

"Nimekwambia usiongee, wewe unanitangazia biashara!"

Mkewe akacheka na kulia kwa mpigo mmoja. Kidole akamwegemeza mito mgongoni, akamning'iniza miguu ukingoni mwa kitanda, akamvalisha oksijeni, akaenda mezani kwa matroni karibu akikimbia. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Kidole akampigia; simu ikaita ndani ya koti lake, palepale juu ya meza.

"Matroni, kitanda cha tisa mapafu yamejaa maji. Anataka sindano ya kukojoza sasa hivi."

"Namba?" Matroni hakuinua kichwa.

"Nifungulie kabati au nifungulie mashine. Kimojawapo."

"Mwinue."

"Akiinuka anakufa."

"Wote mnawasemea hivyo, na wote wanatembea."

"Si wote. Nikuhesabie?"

"Usinianze, Kidole. Mashine ikipotea nitasimama mimi mbele ya kamati, si wewe na vidole vyako." Kisha akapaza sauti mpaka kitanda cha tisa kikasikia: "Enyi ndugu wa mgonjwa! Muulizeni sista wenu kwa nini hataki kumpima mtu wenu!"

Hilo ndilo Winchi alilolisikia. Hakusikia jingine. Alikuja na uso umevimba kwa hasira.

"Dada, ni kweli unakataa kumpima kaka yangu?"

"Nakataa kumwinua. Nisikilize, kaka—"

Kofi la kwanza lilimng'oa hereni pamoja na nyama yake. Ngumi ikafuata, mdomoni. Kidole akaupiga mtungi wa oksijeni kwa mgongo, akateleza chini, na jino lake likatangulia kulala sakafuni.

"Shemeji!" Mke wa seremala alipiga ukelele. "Unampiga anayemtibu?"

"Anayemuua!" Tayari alikuwa amemshika kaka yake makwapani. Ghalani Winchi hubeba magunia mawili kwa mpigo, lakini mwili uliojaa maji ni mzigo mwingine. Alishindwa kumbeba, akamsimamisha. "Jikaze, kaka. Hatua kidogo tu, upate dawa."

Kidole akatambaa, akamkumbatia Winchi mguu. Akapigwa teke la ubavuni, akaachia. Akatambaa tena. Wodi nzima, vitanda kumi na viwili, ilikuwa ikihesabu pamoja, kimyakimya, kwa sababu kila mmoja anazijua hatua zile kwa mapafu yake mwenyewe. Kumi. Kumi na nne. Povu likamshuka seremala kidevuni, likachuruzika hadi kifuani. Ishirini. Magoti yakakataa, Winchi akamburuta. Ishirini na sita.

Matroni akamfunga mkanda mkononi, akabonyeza. Mashine ikajaa, ikapumua. Ikajaa tena. Ikaandika vistari vitupu.

"Inasumbua leo," akasema, akabonyeza mara ya tatu.

Kidole alikuwa amefika. Akaweka vidole kwenye shingo ya seremala, damu yake mwenyewe ikidondoka juu ya mkono wake.

"Mashine ni nzima! Moyo umesimama!"

Akamvuta kutoka kitini kwa nguvu zote, kisogo kikagonga sakafu. Akapanda juu yake, akakutanisha viganja katikati ya kifua, akaanza kukandamiza. Hii si kazi ya upole; anayekwambia hivyo hajawahi kuifanya. Unamponda mtu ili umrudishe. Ubavu wa kwanza ukalia kama ukuni mkavu. Winchi akausikia, akaona yule mwanamke aliyempiga sasa anamvunjavunja kaka yake, akamrukia. Lakini walinzi wawili walikuwa wameshaingia, na rungu likampasua juu ya jicho. La pili mgongoni. La tatu alipokuwa tayari amepiga magoti.

"Mwacheni!" Kidole akapayuka, hakuacha kukandamiza. "Naihitaji mikono yake! Winchi! Njoo hapa! Ubavu wa kwanza nimeuvunja mimi, wa pili vunja wewe! Weka hapa. Hapa! Bonyeza kama unabana gunia lisilofungika!"

Jitu likaja likitambaa, damu imelifumba jicho moja. Likabonyeza. Ubavu ukalia, na likalia pamoja nao.

"Usipunguze!"

"Namuua, dada!"

"Ameshakufa! Bonyeza!"

Kidole akachukua puto la kupumulia, akalibandika usoni pa seremala. Thelathini, pumzi mbili. Thelathini, pumzi mbili. Akatema damu pembeni, akaendelea. Dakika nne, na ndani ya dakika hizo matroni alisimama na funguo zake kiunoni kama aliyepigwa misumari. Ndipo Kidole akaweka vidole vitatu shingoni, akamwashiria Winchi aache.

"Upo," akasema. "Dhaifu, lakini upo."

Daktari, aliyeitwa na mlinzi mmoja, aliingia akikimbia, akauliza sindano iko wapi, akamkemea matroni mpaka mate yakaruka. Na kabati likafunguliwa. Bila namba. Sikia hilo vizuri: lilifunguliwa bila namba, kwa sekunde tano, kwa mkono uleule uliokuwa ukikataa. Baada ya nusu saa mfuko wa mkojo ulikuwa umejaa, na seremala, mbavu zimevunjika, alikuwa anapumua na kumtafuta mkewe kwa macho.

Unadhani yameisha? Daktari akaandika apimwe presha kila baada ya saa tatu, akarudi kwenye upasuaji alioukatiza. Matroni akaandika yake: muuguzi alikaidi kumpima mgonjwa, akasababisha vurugu. Walinzi walewale wakamkokota Kidole hadi nje ya geti, sare imetapakaa damu, na mkoba wake wakamrushia juu ya uzio.

Saa kumi Winchi alikuja getini, jicho limefumba kabisa.

"Dada, wanasema saa kumi na moja ni zamu ya kupima, na kila mtu anatembea. Hata yeye. Nimewaambia atakufa. Matroni kasema mbona tayari amezinduka."

"Daktari?"

"Bado yuko ndani anapasua. Dada, ule mkono wangu..."

"Utaniomba radhi kesho. Leo mgongo wake uwe juu, miguu ining'inie, asiteremke hata kwenda haja. Kaa mbele yake, ushike kitanda kwa mikono yote miwili."

"Walinzi sasa ni wanne."

"Nimewaona."

Winchi akarudi ndani. Kidole bado yuko getini, amefunga mdomo kwa kitambaa, anamsimamisha kila apitaye na kumwambia ninayokwambia. Wengi wanaharakisha mwendo.

Sasa ni saa kumi na nusu. Weka chini hicho ulichoshika. Ingia kwa geti kubwa, jengo la pili, wodi ya chini, kitanda cha tisa. Usiende kupiga picha. Usiende kuuliza msimamizi ni nani. Kaa ukingoni mwa kitanda, kando ya Winchi, na wakikwambia ondoka, kaa. Nduguyo akae kitanda cha kumi, jirani yako cha kumi na moja. Waambieni mashine ije kwa mgonjwa. Una miguu mizima na una nusu saa. Nenda.