Kikapu Kilichoangalia Viatu

Jumatatu asubuhi Maua alikaa kwenye kreti la soda nyuma ya duka la baba yake, Tarime mjini, laptopu mapajani, akiweka bei za magodoro kwenye duka lao la mtandaoni, kwenye kile kikapu cha kujumlishia manunuzi. Baba yake, Mzee Bushiri, hakutaka bei moja.

"Mimi namwangalia mtu viatu ndiyo nataja bei," alisema. "Na hicho kikapu chako kiangalie."

Maua akaandika hivyohivyo kwenye programu ya kikapu: kabla ya kujumlisha, angalia viatu. Jioni kikapu kikaanza kuangalia. Mwenye viatu vya kung'aa alitajiwa bei ya juu, mwenye ndala bei ya kati, aliye peku bei ya chini. Haikupita wiki, mji mzima unaagiza peku. Mchungaji mmoja alivua soksi akiwa kwenye foleni ya benki.

Kule kijijini Nyarero, nesi Eugenia alitaka godoro kabla ya Jumamosi. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Bukoba na nyonga mbovu, na ndani kulikuwa na mkeka tu. Akavua viatu, akaosha miguu, akabonyeza kikapu kwenye simu. Laki na nusu. Yeye alikuwa na laki moja. Akampigia Mzee Bushiri.

"Shikamoo mzee. Niko peku, mbona bei haishuki?"

"Marahaba nesi. Siku hizi kikapu kinaangalia miguu yenyewe. Hiyo yako haijawahi kulima huku. Ni miguu ya mshahara."

"Mshahara wenyewe haujatoka."

"Utatoka."

Jirani wa Eugenia, Boke, alikuwa anapukuchua mahindi pale mlangoni, akasikia yote. Akavua miguu yake kwenye vifundo, akaikung'uta udongo, akampa.

"Usiende nayo mbali. Nina ng'ombe wa kukamua."

Eugenia akaivaa. Ilimbana kidogo kwenye kidole gumba. Bei ikashuka mpaka elfu tisini, akalipa.

Boke naye, asikae bure, akavaa ile ya nesi na kuagiza mto. Kikapu kikamtajia bei ya mto na nusu. Akaitazama miguu.

"Kumbe huwa mnalipa hivi?"

"Kila siku."

"Pole. Nirudishie miguu yangu."

Godoro lilifika Ijumaa kwa bodaboda. Jumamosi mama yake Eugenia alilala mpaka akakoroma.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na foleni kwa Boke. Alikuwa anakodisha miguu. Heche, shemeji yake, aliyerudi kutoka Mwanza na nyayo laini, alilipa buku, yaani elfu moja. Akafuata Projestus, mwalimu aliyehamishiwa pale kutoka Kagera.

"Buku tatu, mwalimu."

"Heche si kalipa buku?"

"Heche ni wa hapa."

"Mimi nafundisha watoto wako, Boke."

"Ndiyo maana sijasema tano."

Mwalimu akatoa buku tatu, akakaa chini, akaanza kuvua viatu.