Geji ya Kufungulia Soda

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ananitia kinyaa, na hilo nalisema mbele yake na nyuma yake. Karakana nzima humwita Kizibo kwa sababu hajui kufungua soda kwa kifungulio kama watu. Hufungua kwa chuma chochote kilicho karibu. Akishakunywa, chuma hichohicho anakitia chini ya ukucha, anachokonoa, anakitazama alichokitoa kana kwamba kuna mtu atamuuliza, halafu anakipangusia kwenye tambara lake. Hilo tambara sasa, ndugu yangu! Linakaa mfuko wa nyuma, lina rangi ambayo haina jina, na sijawahi kuliona likifuliwa. Nimefanya naye kazi miaka sita, mwanamke mimi, mashine yangu ikitazamana na yake, na hakuna siku imepita roho isinichafuke.

Tunakereza vyuma. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kukata hesi, ile mistari inayozunguka skrubu, na hapo sitaki utani. Kisu cha mashine kikiinama kidogo tu, hesi zinalala upande, nati inakaa kwenye ncha za hesi badala ya kukaa mashavuni, na haichukui muda inaliwa. Ndiyo maana kabla ya kukata natumia geji. Ni kibati chembamba cha chuma, mgongo wake umenyooka, na upande wa pili kina pengo. Mgongo unaulaza kwenye chuma unachotaka kukikata, ncha ya kisu unaiingiza kwenye pengo, chini yake unaweka karatasi nyeupe, unainama, unatazama. Mwanga ukionekana upande mmoja wa ncha, kisu kimeinama. Unakigongagonga mpaka mwanga upotee pande zote mbili, ndipo unakaza.

Kizibo hatumii geji. Yeye anafumba jicho moja, anatoa ulimi pembeni kama anayetunga uzi kwenye sindano, anakaza, anawasha mashine. Akimaliza, nati ikiwa nzito kuzunguka, anasema vitu vipya hubana, vitajilainisha vyenyewe. Kauli hiyo ilikuwa inanitia hasira kuliko hata tambara.

Basi siku moja, kama mwezi umepita sasa, narudi kutoka kunawa namkuta anafungulia soda kwa geji. Geji yangu! Halafu, kama kawaida, ikaenda ukuchani. Sikuona, sikusikia. Nilimpokonya, nikamwambia maneno ambayo dada yangu angeyasikia asingenisalimu mpaka leo. Yeye akawa ananyoosha kidole, anaonyesha geji, anataka kusema jambo. Nikamkata kauli. Nikamwambia asiniongeleshe, mdomo wake unanuka. Wenzetu wakacheka. Nikaichukua geji nikaisugua kwa mafuta ya taa, nikaisugua kwa sabuni, nikarudia sabuni, kisha nikaifungia kwenye kopo langu. Kizibo akaninunia, nami nikamshukuru Mungu kwa huo ununaji.

Wiki hiyohiyo tukaletewa jeki nne za skrubu kutoka yadi ya malori iliyo ng'ambo ya barabara. Mdogo wangu wa kiume ni fundi huko. Kutwa yuko chali chini ya magari, na hizo jeki ndizo zinazonyanyua malori asipondwe. Nati zake za shaba zilikuwa nzima, skrubu ndizo zilizokwisha. Tukagawana, mbili zangu, mbili za Kizibo, tukachonga skrubu mpya. Kila fundi hapa hugonga alama yake kichwani mwa kazi. Mimi nukta moja, Kizibo mbili. Zangu zilibana kidogo nilipojaribu nati. Sikujali. Nilisema ni upya.

Leo asubuhi dereva mmoja wa yadi ile akaja na jeki amebeba begani, akaitua kwenye benchi. Alisema jana alikuwa anabadilisha tairi, lori likaanza kushuka lenyewe, taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Bahati alikuwa amesimama. Nikaifungua. Nati ilikuwa imenyolewa ndani, na grisi imejaa vumbi la shaba, linang'aa. Nikainua skrubu kwenye mwanga. Hesi zimelala upande, wazi kabisa, hata kipofu angezijua kwa kidole.

Hapo nikapata pa kuanzia. Nilimgeukia Kizibo mbele ya watu wote nikamwaga yote ya miaka sita. Nikamwambia jicho lake ni chafu kama kucha zake. Nikamwambia mtu asiyeweza kuosha tambara hawezi kunyoosha kisu. Nikamuuliza, huyu dereva angelaliwa na lori, ungekwenda kumwambia nini mke wake? Nilisema mpaka koo likakauka. Kizibo alinitazama kwa macho makavu. Alichomoa tambara lake, akafuta grisi kichwani mwa skrubu, akanigeuzia.

Nukta moja.

"Ni ya kwako, shemeji," alisema.

Nikasema haiwezekani. Mimi natumia geji. Nikaitoa kwenye kopo, safi, inanukia sabuni mpaka leo, nikaulaza mgongo wake kwenye rula, nikaenda navyo dirishani. Mwanga ulipita. Kwenye mgongo, karibu na kona, palikuwa na kinundu kidogo kama chembe ya mchanga. Geji ilikuwa inakaa upande, na kisu kikafuata upande, na mimi nimeinama natazama pengoni, najisifu kwamba hakuna mwanga. Niliosha uchafu mara tatu, na mgongo sikuupitishia hata kidole.

"Nilitaka kukwambia siku ile," Kizibo alisema. "Pale nilipobania kifuniko cha soda paliinuka. Ukasema nisikuongeleshe."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kesho yake. Alitazama chini. Alisema alikuwa amenuna. Mwezi mzima anajua, amekaa pale, ananitazama nikiingiza kisu kwenye geji mbovu, amenuna. Nilitaka kumzaba kofi, mkono ukanyanyuka kabisa, ndipo nikakumbuka skrubu zangu zilikuwa mbili.

Nikamuuliza dereva ile nyingine yenye nukta moja iko wapi.

"Anayo mdogo wako," alisema. "Nimemwacha chini ya lori."

Sikumbuki kuvuka barabara. Nakumbuka honi moja na vishindo vya Kizibo nyuma yangu. Uani kulikuwa na lori limeinuliwa upande, na miguu ya mdogo wangu imetokeza, anapiga mluzi. Nikapiga magoti. Jeki ilikuwa chini ya ekseli, na grisi yake imejaa shaba inayong'aa. Nikamwambia atoke. Akasema amebakiza bolti moja tu, nisubiri. Nikamshika vifundo vya miguu nikamvuta kwa nguvu zangu zote, akatoka shati limepanda mpaka shingoni, ananicheka, ananiuliza nimepatwa na nini. Kizibo alikuwa ameshaburuta gogo kutoka kwenye rundo lililokuwa pale pale kando, amelisukuma chini ya ekseli. Alikuwa anarudi kuchukua la pili wakati lori liliposhuka. Halikupiga kishindo. Lilijikalia tu juu ya gogo, na jeki ikainama.

Mdogo wangu akaacha kucheka.

Nikamuuliza magogo haya yana kazi gani hapa kama hayawekwi.

"Naweka, dada," alisema. "Nikiwa na jeki ya Kizibo naweka. Hii ina nukta moja. Nikaona ya nini, ni ya kwako."

Nikainama kando ya tairi nikatapika. Nilitapika mpaka hakuna kilichobaki. Mkono ulinijia mbele ya uso, kucha nyeusi zote tano, umeshika lile tambara. Nikalipokea nikajifuta mdomo.