Kofia Iliyoshonwa Gotini

Nilikuwa nazungushia uzi ua la upande wa kulia, sindano ikienda kwa mazoea ya vidole zaidi ya macho, wifi yangu Mize alipoacha kuchambua mchele akaangua kicheko. "We wifi! Kofia hiyo unamshonea Makame au unalishonea goti lako?" Nikaiinua kofia, na kanga ikainuka nayo. Nilikuwa nimeishona kwenye nguo niliyovaa. Nikacheka naye, maana kwa wifi ukinuna umeshindwa, lakini moyo ulikuwa mzito. Makame ni mwanangu wa mwisho, ataoa Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, na kwetu kofia ya harusi huanzwa na kumalizwa na mkono mmoja. Ukiingia wa pili, mvuto wa uzi hubadilika na kila mshonaji huuona. "Basi nipe niimalizie," Mize akasema, sasa kwa upole. "Au kesho twende kwa tabibu akutoe huyo mtoto wa jicho. Tangu mwaka jana unamkataa." Nikajilaza palepale ukumbini, kofia ikining'inia gotini, na joto la mchana likanichukua.

Nikajiona mbele ya kuba la kioo, jembamba na safi, lisilo na hata mshipa mmoja wa damu. Hapo alisimama mwanamke mwenye taa, akaniambia jina lake ni Uchunguzi. "Hii ni konea, dirisha la jicho lako," akasema. "Ingia, Bi Raya, na usihukumu kabla hujatazama." Tukavuka maji maangavu hadi kwenye pazia la rangi ya kahawia lenye tundu katikati. Alipoinua taa, tundu likajibana, alipoishusha, likapanuka. Ndipo nikajua kuwa mboni, ambayo siku zote nilidhani ni kitu cheusi, ni mlango tu. Kando ya mfereji wa kutolea maji aliketi mtu mkimya na kapu la tope, akingoja. "Huyo ni Presha ya Macho," Uchunguzi akanong'ona. "Hapigi hodi. Akiziba mfereji, maji hujaa na kuukandamiza mshipa wa nyuma unaopeleka picha ubongoni, na mtu hupoteza kuona pembeni asijue. Akichukua harudishi. Kwako hajaanza kazi, lakini usichoke kuja kumtazama."

Nyuma ya mlango ilikuwapo lenzi. Ilipaswa kuwa angavu kama tone la maji, lakini ilikuwa nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa, na mbele yake waliketi wawili. Kiburi, mikono imejaa bangili, akasema, "Vidole vyako vinaona. Tabibu wa nini?" Hofu akanishika upindo wa kanga. "Kisu jichoni, Bi Raya! Bora hicho kidogo ulicho nacho. Kwa umri huo unatafuta nini tena? Kaa, wajukuu watakushika mkono." Sikumchukia Hofu, ndiye aliyeniweka mbali na moto na visima nilipokuwa mdogo. Nikamwuliza tu, "Umewahi kufika nyuma ya lenzi hii?" Akainama. "Sijawahi." "Basi unalinda mlango wa nyumba usiyoijua. Nipishe." Kiburi akaruka, bangili zikilia. "Thubutu!" Nikamwambia, "Nathubutu," nikapita katikati yao.

Tukatembea ndani ya ute mzito, mwangavu, hadi kwenye ukuta mwembamba, wenye unyevu, uliotandwa na mishipa myekundu. "Retina," Uchunguzi akasema, akaipenyeza nuru ya taa ukingoni mwa lenzi. Ukutani ikatokea kofia ya Makame, ndogo, juu chini, na maua yake yote. Nikanyoosha mkono kuigeuza. "Iache. Kugeuza ni kazi ya ubongo. Wapo ambao Kisukari amewavujishia damu ukuta huu. Wako ni mzima. Lenzi hubadilishwa, Bi Raya. Ukuta ukifa haubadilishwi." Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Ukuta mzima, umekaa tayari siku zote hizi, na huko mlangoni watu wanaunyima nuru! Kwa mbali Hofu akaita, "Utajuta!" Nikamjibu, "Njoo nawe kesho, unishike mkono ukipenda. Ila kutangulia, hutatangulia tena."

Nilipofumbua macho, nikaona kivuli cheupecheupe kimeniinamia. Alikuwa Mize na mkasi. "Tulia nikufungue, usije ukaenda na kofia msalani." Nikaukamata mkono wake wenye mkasi, Hofu alikuwa amekuja kweli. "Kata uzi wa kanga tu," nikasema. "Ua usiliguse."

"Haya, na atalimaliza nani?"

"Mimi. Kesho asubuhi nipeleke kwa tabibu."

Mize akaukata uzi wa kanga. Nikapapasa hadi nikalipata ua, nikaichomeka sindano katikati pamoja na uzi wake, nikaifunika kofia kwa kawa la kufunikia chakula, ingoje macho yangu.