Povu la Namalamba

Nawategea kitendawili kimoja, na mkishindwa nitajijibu mwenyewe. Nyumba yangu yaning'inia juu ya maji, haina mlango wala dirisha, na wenyewe wakitaka kutoka hutobokea sakafuni. Hamtakipata, kwa sababu nyumba yenyewe hamjaiona. Wala hamtaiona, na katika hilo mimi nina mkono.

Namalamba lilikuwa ziwa dogo nyuma ya kijiji chetu, kusini mwa Mtwara, karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini. Tuliliita ziwa kwa heshima tu, maana kiangazi ungelivuka bila kulowesha magoti. Lakini maji yake yalikuwa matamu, na kwetu kila kisima kilichochimbwa kilitoa maji ya chumvi. Pembeni kulikuwa na miti iliyoinamia maji. Mvua za kwanza za Desemba zikinyesha, vyura wadogo wa rangi ya gome waliipanda miti hiyo, wakajibanza kwenye matawi ya juu ya maji na kupiga povu kwa miguu ya nyuma, kama mtu apigavyo mayai kwenye bakuli. Asubuhi ungekuta mapovu meupe, makubwa kama danzi, yamening'inia kila mahali. Jua likiyapiga yaliota ngozi ngumu kwa nje. Baada ya siku tano, sita, chini pakalegea, na viluwiluwi wakaanza kudondoka majini, mmoja mmoja.

Haya nawaeleza leo. Wakati ule hakuna aliyetaja vyura. Yale yaliitwa mate ya mwenye ziwa, na siku zile ziliitwa siku za mate. Aliyezitangaza ni mama mkwe wangu, Mwanaamina, kama mama yake alivyozitangaza kabla yake. Alifunga kipande cha kaniki kwenye kichaka cha njiani, na mpaka akifungue hakuna aliyechota, hakuna aliyefua, hakuna aliyekata tawi. Maji tuliyafuata mtoni, kule juu ambako chumvi ya bahari haifiki, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mwanamke atakayechota siku za mate, maziwa yatamkauka kifuani. Ndivyo tulivyoambiwa. Shehe wetu alikuwa akihubiri kwamba huo ni ushirikina mtupu, lakini mkewe alipita mlangoni kwetu na ndoo kichwani kuelekea mtoni kama sisi, na mzee akatawadhia maji hayo hayo bila kuuliza yametoka wapi.

Mimi nilisoma Mikindani mpaka darasa la nne. Kijijini kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa, na ilipokuja kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma, mwaka wa sabini na tatu, nilikabidhiwa ubao, chaki na wanawake ishirini na wawili. Kuanzia siku hiyo sikuwa tena Saumu mke wa Shaibu, nikawa Mwalimu. Nilipenda kuitwa hivyo. Sitawaficha.

Shaibu mwenyewe alikuwa kuli wa bandari Mtwara, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mimi na mama yake. Tulimenya mihogo tukitegeana vitendawili. Nikishindwa alidai mji. Siku moja nilimpa Lindi akaukataa.

"Lindi yuko wifi yangu," alisema. "Nikienda kutawala kule nitakuwa napikiwa na yule mwanamke? Nipe mwingine."

Nikampa Tabora. Tabora aliukubali, kwa sababu hakumjua mtu huko.

Mwezi wa Novemba alikuja bwana afya na baiskeli, kijana wa bara aitwaye Josephu, mpole, mwenye kuvua kofia akiwasalimu wazee. Alikuwa na maagizo: kila kichaka kilicho karibu na maji kikatwe, mbu wasipate pa kulala. Akalitazama Namalamba, akaandika kitabuni. Jumamosi ya pili ya Desemba kila nyumba itoe mtu mmoja na panga, miti yote ya pale ianguke.

Mama mkwe wangu alizipokea habari hizo akiwa jikoni. Alikuwa akipepeta mchele.

"Ikikatwa ile miti hakuna Namalamba," alisema.

"Nitazungumza naye, mama. Ananisikiliza."

"Utamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba yale ni mayai ya vyura. Mwaka juzi nilisimama pale nikawaona viluwiluwi wakidondoka kwa macho yangu. Na vyura hula mbu. Bwana afya gani atakata nyumba ya wanaokula mbu?"

Aliendelea kupepeta mchele. "Mwambie pana makaburi."

"Hapana makaburi pale, mama."

"Mwambie lolote utakalo, Saumu. La povu liache."

Nilidhani ni woga wa utu uzima. Hata nilimwonea huruma, mtu mwenye akili kama ile kuishi akiogopa mate ya jini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko yote, ile huruma.

Mvua zikanyesha. Kaniki ikafungwa njiani. Siku ya tano ya mate, alfajiri, nikaipita kaniki, nikakata kitawi kimoja chenye povu, nikakibeba chini ya khanga mpaka darasani. Nilimwomba Josephu aje. Nikafunga kitawi kile juu ya beseni la maji, mbele ya ubao, na wanawake ishirini na wawili wakarudi nyuma mpaka ukutani. Zuhura, aliyekuwa akinyonyesha, alitoka nje kabisa na mtoto wake.

"Mwalimu, umetaka kutuua," alisema Tabu. Huyu Tabu alikuwa na mdomo kuliko darasa zima, na alisoma haraka kuliko wote.

"Njoo utazame kwanza, halafu ufe," nilimwambia, nao wakacheka kidogo.

Tulikaa. Nilikuwa nimeandika ubaoni: CHURA HULA MBU. Walikuwa katikati ya kulisoma neno la mwisho pale tone la kwanza lilipodondoka, na ndani ya tone kiluwiluwi, mkia ukitikisika. Kisha wa pili. Kisha wakawa wanamiminika. Wanawake walisogea, wakainama, vichwa vikagongana juu ya beseni. Zuhura alirudi akachungulia dirishani. Josephu alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kazi, akatazama mpaka povu likaisha.

"Miaka mitatu nimesomea afya," alisema, "na hili sikufundishwa." Akatoa kitabu chake, akaufuta mstari wa Namalamba mbele yetu sote. Miti haitakatwa. Akanipa mkono kama mwanamume mwenzake.

Nilijiona nimepasua mlima.

Tabu ndiye aliyekuwa bado ameinama juu ya beseni. Alitia kidole majini, akawavuruga, akakitoa na kukitazama kidole chake pande zote.

"Kwa hiyo, Mwalimu," alisema taratibu, "mimi nilikwenda mtoni na mimba ya miezi minane, jua la saa saba, nikaanguka na ndoo pale mteremkoni, kwa ajili ya hawa?"

Hakuna aliyecheka.

"Wanakula mbu, Tabu. Wanatusaidia," nilisema.

"Nimekusikia. Nimelisoma na ubaoni. Nauliza tu kama ni hawa."

"Ni hawa."

"Basi vizuri," alisema, akajifutia kidole kwenye khanga.

Kesho yake asubuhi, kaniki ikiwa bado imefungwa, wanafunzi wangu walikuwa Namalamba. Hawakwenda kwa kujificha wala kwa ubishi. Walikwenda kwa sababu ni karibu. Waliinamisha matawi yaliyowazuia, mapovu yakapasuka mabegani mwao, wakacheka, mmoja akampaka mwenzake usoni. Waliponiona walinipigia magoti. "Shikamoo, Mwalimu." Niliwaambia wasubiri siku mbili tu, viluwiluwi wamalizike kushuka. Waliniitikia ndiyo wote, huku ndoo zikijaa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe wangu ameketi barazani, ile kaniki mapajani mwake. Alikuwa amekwenda kuifungua mwenyewe.

"Ulidhani mimi sijui ni vyura?" aliniuliza.

Niliketi chini kando yake.

"Nimeketi pale miaka arobaini. Najua siku wanayopanda, najua siku wanayoshuka, najua jike ndiye anayepiga povu na madume wanamdandia mgongoni. Mama yangu alijua. Bibi yangu alijua. Kazi yetu ilikuwa kutokusema." Aliikunja kaniki mara mbili, mara nne. "Nani ataitembea saa nzima na ndoo kwa ajili ya chura? Wewe utaitembea?"

"Ningewaomba, mama. Ningewaelimisha."

"Haya. Waelimishe."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Ila tangu siku ile nikimtegea kitendawili aliniambia hajui, papo hapo, kabla sijamaliza, na mji hakuudai tena.

Niliwaelimisha. Mwaka mzima. Nilichora chura ubaoni, nilichora mbu, nikafundisha kuhesabu kwa viluwiluwi. Waliandika vizuri sana. Na mwaka huo wa sabini na nne watu wa vitongoji vya mbali waliletwa kuishi pamoja nasi, nyumba zikawa mara tatu, na kila nyumba ilihitaji maji, na kuni, na fito za kujengea. Miti ambayo Josephu aliifuta kitabuni mwake iliondoka tawi moja moja, bila amri ya mtu yeyote. Nilimwandikia. Alikuwa amekwisha hamishwa.

Desemba ilipofika, mti uliobaki juu ya maji ulikuwa mmoja, na ndani yake mapovu mawili. Mawili tu. Nilizungusha kamba, nikaketi chini yake tangu kupambazuka, nikiwaomba watu wachote upande wa pili. Wengine walikubali. Wapya hawakunijua, wakaniuliza kama mimi ndiye mganga wa pale. Tabu alikuja na madebe mawili, akayatazama yale mapovu, akanitazama mimi.

"Si miti ingekatwa tu siku ile na bwana afya," alisema. "Ungekuwa umelala nyumbani saa hizi."

Lakini alikwenda kuchota upande wa pili. Namshukuru kwa hilo.

Siku ya sita mama mkwe wangu aliamka na homa, mwili moto, midomo imepasuka. Mtungi ulikuwa mkavu, kwa kuwa mwenye kuujaza alikuwa ameketi chini ya mti. Sikuwa na saa mbili za kwenda mtoni na kurudi. Nikiondoka, nani angekaa? Nikashuka Namalamba na ndoo yangu, nikapita chini ya kamba yangu mwenyewe, nikachota pale pale, chini ya mapovu, kwa sababu ng'ambo palikuwa pamekwisha kuwa tope. Nilichuja kwa khanga. Haraka, wala sikuchuja vizuri.

Nilimwinua kichwa nikampa kata. Aliitazama. Mmoja alikuwa amepita, anazunguka humo ndani, mdogo kama mbegu ya papai. Mama mkwe wangu alimfuata kwa macho, akamaliza mzunguko mzima pamoja naye, kisha akaisukuma kata ikarudi kifuani kwangu.

"Nina kiu," alisema. "Lakini si ya hayo."

"Mama, mtoni ni mbali. Na nikiondoka leo, watayashusha yale mapovu."

"Najua."

Akageukia ukutani.

Nilimwaga yale maji kwenye beseni, nikamrudisha yule mmoja ziwani kwa kiganja. Kisha nikaibandika ndoo kichwani, nikashika njia ya mtoni. Sikuwa nimefika mteremkoni nilipowasikia nyuma yangu wakiifungua kamba, wakipishana kwa heshima, tangulia dada, tangulia wewe, na kata zao zikigonga maji.